Aaron Swartz: kijana aliyetaka maandishi yafunguke kwa wote



Hapa Kalembe hakuna mtu asiyejua kazi ya kaye. Ndani ya kaye ya shimo kunaandikwa nani aliingia, nani alitoka, mifuko mingapi, kilo ngapi, PDG wa shimo alikopa chakula kwa nani, na mchimbaji anadai ngapi. Siku ya kugawana, kaye njo inasema. Kaye ikipotea, mwenye sauti kubwa njo anashinda, na mjane wa mchimbaji anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa 10 mwaka 2024, vita vilipoingia Kalembe, watu walikimbia na watoto mgongoni. Godoro lilibebwa kama kulikuwa na nguvu. Kaye, ni wangapi walipata wakati wa kuikumbuka?

Ndiyo sababu leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye hakufika kwetu hata siku moja, hakushika nyundo wala burini, lakini maisha yake yote yalizunguka swali letu hili: maandishi yatunzwe namna gani ili yasipotee, na nani ana haki ya kuyafungua? Jina lake ni Aaron Swartz. Alikufa mwaka 2013, akiwa na miaka 26 tu. Kazi ya mikono yake ingali inatumika kila siku duniani, na wengi wanaoitumia hawamjui.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 1986, katika mji wa Highland Park, karibu na Chicago, huko Marekani. Baba yake alikuwa na kampuni ya programu za kompyuta, kwa hiyo mtoto alikua katikati ya mashini, sawa vile watoto wetu wanavyokua katikati ya mawe. Alijua kusoma akiwa mdogo sana, mbele ya kuingia shule. Alipokuwa na miaka 12 au 13 alitengeneza mahali kwenye intaneti ambapo kila mtu angeweza kuandika anachokijua, na mwingine kukisahihisha. Wakati ule Wikipedia haikuwa imezaliwa. Ilianza mwezi wa 1 mwaka 2001. Kwa kazi hiyo alipata tuzo katika shindano la vijana lililoitwa ArsDigita. Mwaka 2000, akiwa na miaka 14, alikuwa katika kundi la watu wazima waliotengeneza RSS 1.0, njia ya kufanya habari mpya za mahali pengi zikufikie pamoja bila wewe kuzizungukia moja moja. Wengine wa kundi lile walishangaa sana kusikia umri wake.

Mbele hatujaendelea, tueleze neno moja. Kuko programu za kununua, ambazo mwenyewe amefunga ndani yake, hauwezi kuona inafanya kazi namna gani. Na kuko programu huria. Hizi maandishi yake ya ndani yako wazi: unaichukua bure, unaichunguza, unaibadilisha, unampa jirani, na hakuna wa kukushitaki. Ni sawa na njia ya kujenga nguzo ndani ya shimo: aliyeijua akiwafundisha wote, wote wanapona, akiificha apate franga, wengine wanafunikwa na udongo. Swartz alichagua upande wa kufundisha wote.

Akiwa na miaka 15 na 16 alisaidia upande wa ufundi wa Creative Commons, shirika lililoanzishwa na mwalimu wa sheria Lawrence Lessig na wenzake. Lisansi zake za kwanza zilitoka mwezi wa 12 mwaka 2002. Ni karatasi za ruhusa: mwandishi au mpiga picha anasema mbele ya watu wote kwamba kazi yake wanaweza kuichukua na kuigawa, mradi wataje jina lake, au wasiifanyie biashara, kama anavyotaka mwenyewe. Leo hata maandishi ya Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, yanatoka kwa lisansi ya namna hiyo.

Halafu ikaja kazi ambayo tunaona inatugusa sana sisi watu wa kaye. Mwaka 2004 Mmarekani mwingine, John Gruber, alitoa njia ya kuandika inayoitwa Markdown. Swartz, miaka 17, alimsaidia kupanga alama zake. Mbele ya hapo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujaribu njia yake iliyofanana nayo. Gruber njo mwenye kazi, lakini mkono wa kijana huyu umo ndani.

Markdown ni kitu kidogo, na uzuri wake uko hapo. Ukurasa wa intaneti kwa kawaida unaandikwa kwa lugha ya HTML, yenye alama nyingi zinazochosha macho. Markdown inasema: andika sawa unavyoandika kwenye kaye. Ukitaka kichwa cha habari, weka alama # mbele ya mstari. Ukitaka orodha, weka kistari kidogo mbele ya kila kitu. Ukitaka neno lionekane zito, lizungushie nyota mbili mbili. Basi. Programu itageuza maandishi hayo kuwa ukurasa mzuri wa intaneti. Na kama programu haiko, kama iko imekufa, kama kampuni yake imefungwa miaka 20 iliyopita, maandishi yako ungali unayasoma kwa macho, hata kwenye simu ya bei ndogo, kwa sababu ni maandishi matupu. Hayana kufuli.

Swartz aliingia chuo kikuu cha Stanford mwaka 2004, akatoka baada ya mwaka mmoja. Mwaka 2005 alianza kampuni ndogo, Infogami, ya kusaidia watu wajenge kurasa zao kwa urahisi na kuziandika pamoja. Kampuni hiyo iliungana na nyingine iliyoitwa Reddit, na mwezi wa 10 mwaka 2006 zikauzwa kwa kampuni kubwa ya magazeti, Condé Nast. Kijana wa miaka 19 alipata franga nyingi. Lakini kukaa kwenye biro hakukumfaa, na mwanzo wa 2007 alikuwa amekwisha kutoka. Tunajua watu wengi ambao wakishika franga kubwa mara moja, akili inahama. Yeye akili yake ilirudi kwenye vitabu. Mwaka huohuo wa 2007 aliongoza ujenzi wa Open Library, kazi ya kutengeneza ukurasa mmoja kwa kila kitabu kilichowahi kuchapwa duniani.

Mwaka 2008 alianza kugusa mambo ya hatari. Huko Marekani, hati za tribinali za taifa zilikuwa zinatunzwa katika mfumo unaoitwa PACER, na kuzisoma ilikuwa ni kulipa senti 8 za dola kwa ukurasa. Hati zile ni za umma, zimeandikwa kwa kodi ya raia, lakini raia analipa tena kuzisoma. Serikali ilikuwa imetoa ruhusa ya majaribio kwa maktaba 17, watu wasome bila kulipa. Swartz akatumia programu ndogo, akaichomeka kupitia njia hiyo, akachukua karibu kurasa milioni 20. Kwa senti 8, hiyo ni zaidi ya dola milioni 1 na nusu. Polisi wa FBI walimchunguza, lakini mwaka 2009 wakafunga dosye bila kumshitaki.

Kuko kitu kimoja ndani ya habari hii ambacho tusikiruke. Hati zile zilipokaguliwa na mwenzake Carl Malamud, zilionekana zimejaa siri za watu ambazo tribinali zilipaswa kuzifuta: namba za vitambulisho, majina ya watu wadogo wasio na kosa. Malamud aliandikia majaji, na tribinali zikasafisha hati zao. Tukumbuke hilo. Kufungua maandishi ya umma ni jambo moja, kumwaga siri ya jirani njiani ni jambo lingine.

Mwaka 2010 na mwanzo wa 2011 alifanya tendo lililomletea kesi. Alitumia rezo ya chuo cha MIT kuchukua mamilioni ya makala za wataalamu kutoka JSTOR, gala kubwa ya magazeti ya elimu. Aliweka kompyuta yake ndani ya chumba cha nyaya cha chuo, mashini ikachukua makala usiku na mchana. Ndani ya gala sawa ile kuko hata makala juu ya Congo, juu ya watu wa hapa kwetu. Mtaalamu anakuja, anakaa kwenye kiti chako, unamwelezea shimo, bei, barriere, vita. Anaenda kuandika. Makala ikitoka, mara nyingi inafungwa nyuma ya malipo, na mchimbaji aliyeieleza hawezi kuisoma; angetakiwa kulipa dola 30 na zaidi kwa makala moja. Kwa mchimbaji, hiyo ni minervali ya mtoto.

Tarehe 6 mwezi wa 1 mwaka 2011 alikamatwa. JSTOR walipatana naye: alirudisha makala alizochukua, nao wakasema upande wao mambo yamekwisha. Serikali haikuacha. Mwezi wa 7 ilimfungulia mashitaka manne, ambayo kwa sheria yangeweza kufika miaka 35 ya gereza na dola milioni 1 ya amande. Mwezi wa 9 mwaka 2012 mashitaka yakawa 13. Hatusemi kila alichofanya kilikuwa halali. Kuingia chumba kisicho chako ni kosa, na kila mtu mzima anajua. Lakini kupima kosa na adhabu, hapo hata watu wasiompenda waliuliza: miaka 35 kwa kusoma kupita kiasi?

Katikati ya kesi hakukaa kimya. Alikuwa ameanzisha kundi la Demand Progress, akapigana na sheria iliyoitwa SOPA, ambayo wengi waliona ingeipa serikali nguvu ya kufunga mahali pa intaneti kwa urahisi. Tarehe 18 mwezi wa 1 mwaka 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilizima kurasa zake siku nzima kama mgomo. Sisi watu wa sendika tunaelewa lugha ya mgomo. Sheria ile ikawekwa kando.

Tarehe 11 mwezi wa 1 mwaka 2013, huko Brooklyn katika mji wa New York, Aaron Swartz alijiua. Siku tatu baadaye serikali ilifuta mashitaka. Yalikuwa hayana tena mtu wa kuyajibu. Hapa tunasimama kidogo, juu tunaandikia watu ambao nao wanabeba mizigo. Mwenye kesi, mwenye deni, mwenye msiba, asiachwe alale peke yake na mawazo. Njo kazi ya kwanza ya sendika, mbele ya karatasi zote: kukaa na mtu.

Sasa mutauliza: sisi tunafanya nini na hayo yote? Tunataka kuanza kuweka maarifa yetu mahali pasipoungua: mafundisho ya usalama wa shimo, haki za mchimbaji kwa kodi ya madini ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, namna ya kupata karte ya mchimbaji, maana ya kila risiti tunayoombwa njiani. Vijana wetu wanaojua kompyuta wametuwekea mezani programu huria mbalimbali. Tuzipime kwa macho ya Kalembe, ambapo rezo inakuja na kwenda, umeme ni wa pano la jua, na mega inanunuliwa kwa jasho.

Ya kwanza ni MediaWiki, ile inayobeba Wikipedia yenyewe. Ina nguvu sana. Watu elfu wanaweza kuandika pamoja, na kila badiliko linabaki na historia yake. Lakini inadai seva na gala ya data nyuma yake, na mtu wa kuitunza kila wakati. Kwa mji mkubwa inafaa. Kwa sisi ni kununua lori la kubebea kikapu kimoja.

Ya pili ni DokuWiki, iliyotoka mwaka 2004. Nayo inaruhusu watu wengi kuandika na kusahihisha, na inatunza maandishi ya zamani, lakini haihitaji gala ya data: kila ukurasa ni faili moja ya maandishi matupu. Ukitaka kukimbia nayo, unanakili folda nzima kwenye kle USB, basi umekwenda. Ubaya wake ni mbili: alama zake za kuandikia si za Markdown, na inaomba seva ndogo iwe inawaka ili watu wasome.

Ya tatu ni familia ya programu zisizohitaji seva yenye akili: Jekyll ya mwaka 2008, Hugo ya mwaka 2013, na MkDocs. Hizi zote zinachukua faili zako za Markdown, zinazigeuza mara moja kuwa kurasa za HTML zilizokwisha kupikwa. Kurasa hizo unaziweka kwenye intaneti mahali pa bure, na kwa kurekebisha mpangilio kidogo, unazifungua hata kwenye karte ya simu bila rezo. MkDocs imetengenezwa kwa ajili ya mafundisho na maelekezo, na kuipanga ni rahisi, lakini inataka kwanza Python iwe ndani ya kompyuta. Jekyll inataka Ruby. Hugo ni faili moja tu: unaileta kwa kle, unaifungua, inafanya kazi, na ni ya haraka sana, lakini kuipangia sura yake kunasumbua mtu anayeanza. Shida ya familia hii yote ni kwamba msomaji hawezi kusahihisha palepale. Lazima alete sahihisho kwa anayeshika faili.

Tumezipima, na maoni yetu ni haya. Programu ni nyumba, maandishi ni mbegu. Nyumba ikianguka unajenga nyingine, mbegu ikioza umekwisha. Kwa hiyo tuandike kwanza kwa Markdown, maandishi matupu, kwa Kiswahili chetu, faili moja kwa jambo moja. Tuanze na MkDocs kwa sababu vijana wataielewa haraka, na kama kesho haitufai, faili zilezile zitaingia Hugo au Jekyll kwa kurekebisha kidogo, bila kuandika upya. Sahihisho zikusanywe kila wiki kwenye kikao, kwa mdomo kwa asiyejua kuandika. Nakala zikae sehemu tatu: moja Kalembe, moja kwa ndugu wa mbali, moja kwenye intaneti. Vita ikija, haiwezi kuunguza zote tatu siku moja.

Na kaye za madeni, majina ya wajane, shimo gani limetoa kilo ngapi wiki hii? Hizo zisiende kwenye intaneti hata kidogo. Hapa kwetu mwenye bunduki naye anajua kusoma. Ziandikwe kwa njia ileile ya maandishi matupu, zinakiliwe, zifungwe, na washike watu ambao kikao kimewachagua. Kilicho cha wote kifunguliwe. Kilicho cha mtu kilindwe. Ile safari ya hati za PACER ilitufundisha hilo kwa bei ya wengine.

Aaron Swartz hakuacha mtoto wala jengo. Aliacha alama ndogo ya # mbele ya mstari, ruhusa za kugawa bila kuogopa, na swali ambalo linawasumbua mpaka leo wale wanaofunga elimu kwa kufuli ya franga. Kikao cha kuanza kuandika tutakitangaza kwa viongozi wa mashimo. Anayejua kusoma aje na asiyejua, mwenye simu aje na asiye nayo. Na PDG wa shimo, njoo na kaye yako, tuikopie mbele ya macho yako.